Kupanga Shughuli za Darasani Zinazobaki Kichwani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasa Kubwa

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Kila aliyewahi kushika chaki anaijua kwaya hiyo, na mimi niliiamini kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja niliingia darasani na karatasi za manila na kalamu za rangi nilizonunua kwa fedha yangu. Niliwagawa wanafunzi katika vikundi, kila kikundi kikachora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Kipindi kilichangamka kweli. Tulibandika michoro ukutani, na walimu wenzangu wakaja kuiangalia. Wiki tatu baadaye niliweka swali moja la maelezo kwenye jaribio: kwa nini ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu mdomoni? Waliojibu sawasawa, katika darasa la watoto themanini, niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nilirudi kuitazama ile michoro nikakumbuka namna ilivyochorwa. Kila kikundi kilikuwa na mtoto mmoja mwenye mkono mzuri, huyo ndiye aliyechora. Wa pili alimshikia rula, waliobaki waligombania kalamu nyekundu. Hata mchoraji mwenyewe alikuwa akifikiria mstari unyooke na rangi isitoke nje. Mate yanaufanyia nini ugali? Hakuna aliyekuwa akiwaza hilo, kwa sababu sikumpa yeyote sababu ya kuliwaza.

Tangu siku hiyo ninapopanga shughuli najiuliza jambo moja: katika dakika hii, kila mtoto atakuwa anafikiria nini? Kichwa hushika kile kilichokifanyia kazi. Kama kilishughulika na rangi, kitakumbuka rangi.

Nitaeleza hatua ninazozifuata kwa kutumia mada hiyohiyo ya mmeng'enyo wa chakula: vipindi vinne vya dakika 40, shule ya msingi, wanafunzi wapatao themanini, madawati ya watoto watatu watatu, kitabu kimoja kwa kila dawati ukibahatika. Kama unafundisha Jiografia au Uraia, mada itabadilika lakini kazi ya kupanga ni ileile.

Hatua ya kwanza: andika swali la baada ya miezi mitatu

Usianze kwa kutafuta shughuli. Kabla hujafikiria kadi, wimbo wala igizo dhima, chukua karatasi uandike swali ambalo ungependa kila mwanafunzi aweze kulijibu muhula ujao bila kufungua daftari. Mimi huandika hivi: "Asha amekula ugali na dagaa saa saba mchana. Eleza safari ya chakula hicho, kinachofanyika katika kila kiungo, na namna nguvu yake inavyofika kwenye misuli ya mguu wake anapocheza rede jioni."

Swali hilo linanionyesha vitu vya lazima: mpangilio wa viungo, kazi ya kila kiungo, sababu ya chakula kuvunjwavunjwa kuwa kidogo sana, na mahali kinapoingia kwenye damu. Vingine vyote ni vya ziada, na kwa ziada sipotezi kipindi.

Kisha andika chini yake mambo ambayo watoto wanaamini kimakosa. Hapa mwalimu anayewajua watoto wake ana utajiri ambao kitabu hakina. Katika mada hii makosa mengine yanatokana na lugha yenyewe. Neno "tumbo" kwetu ni sehemu yote ya mbele kuanzia chini ya kifua, na ni jina la kiungo kimoja kilicho ndani. Mtoto aliyezoea kusema "tumbo linauma" huku ameshika kitovu atachora mfuko mkubwa mmoja ulioanzia kifuani hadi nyonga. Vilevile akisikia "utumbo mpana" na "utumbo mwembamba" anadhani ule mpana ndio mkubwa kwa kila hali, hata kwa urefu. Wengi pia wanaamini kuna mabomba mawili, moja la chakula na jingine la maji linalokwenda moja kwa moja kwenye mkojo. Shughuli nilizochagua zinalenga makosa hayo matatu. Shughuli isiyogusa kosa lolote naitazama kwa mashaka.

Hatua ya pili: ipime shughuli kabla hujaiingiza darasani

Nina maswali matatu ya kuichujia. Ni watoto wangapi watakuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja? Je, mtoto anaweza kuimaliza bila kufikiria jambo ninalofundisha? Na mwishoni nitaona nini kitakachonionyesha nani ameelewa na nani bado?

Pitisha hapo shughuli ambazo sote tunazipenda. Mtoto mmoja anaitwa ubaoni kutaja viungo: mmoja anafanya kazi, sabini na tisa wanasubiri kengele. Kunakili mchoro kutoka kitabuni: wote wana kazi, lakini mkono unaweza kunakili huku akili iko kwenye mechi ya jioni. Wimbo wa viungo vya mmeng'enyo: wote wanaimba, na wimbo husaidia sana kushika mpangilio wa majina. Ila mtoto anaweza kuuimba mwaka mzima asijue kongosho linafanya nini. Basi wimbo nautumia kwa mpangilio tu, dakika mbili, halafu naendelea.

Sisemi shughuli hizo zitupwe. Mara nyingi zinahitaji marekebisho madogo. Mchoro uleule ukichorwa huku vitabu vimefungwa unakuwa kazi nyingine kabisa, kwa sababu sasa mtoto hana budi kuutoa kichwani mwake.

Hatua ya tatu: panga aina za shughuli kwa kazi zake

Walimu tunahimizwa kubadilisha mbinu, na ni kweli darasa linalopewa kitu kilekile kila siku huzimika. Lakini kubadilisha kwa ajili ya kubadilisha tu hakufai. Mimi huhakikisha mada moja ina shughuli za kubashiri, za kuona na kugusa, za kumweleza mwenzako, za kukumbuka bila kusaidiwa, na za kutumia ulichojifunza mahali papya. Hivi ndivyo vipindi vyangu vinne vinavyokwenda.

*Kipindi cha kwanza: kubashiri na kuonja.* Kila mtoto anachora umbo la mtu kwenye daftari, kisha anachora njia anayodhani chakula hupitia, dakika tano, bila kitabu na bila kuniuliza. Nawaambia wazi kuwa sitasahihisha. Natembea kati ya madawati nikiangalia tu: hapa kuna mfuko mmoja mkubwa, pale mabomba mawili. Mchoro huo wanautunza kwa sababu tutaurudia.

Halafu nauliza: utumbo mwembamba wa mtu mzima ukinyooshwa, urefu wake ni sawa na (1) mkono wako, (2) urefu wa mwalimu, au (3) kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma? Wanajibu kwa vidole, wakiviweka kifuani ili jirani asichungulie. Kwa sekunde kumi naona mawazo ya darasa zima bila kugharimika hata karatasi moja. Ndipo natoa kamba kwenye kikapu, mita 6, na watoto wa mstari wa katikati wanaipitisha mkono kwa mkono mpaka inapoishia. Kisha natoa kamba ya rangi nyingine, mita 1.5 hivi, ya utumbo mpana, fupi na nene. Darasa hulipuka. Mtoto aliyewahi kusaidia kuosha utumbo wa mbuzi nyumbani husimama kusema "Mwalimu, ni kweli, haumaliziki!" Mwache aeleze, naye ni shahidi. Ila mwongezee kwamba mbuzi ni mnyama anayecheua, tumbo lake lina vyumba vinne, letu lina kimoja.

Baada ya kamba linakuja swali ambalo kamba ililetwa kwa ajili yake: kwa nini uwe mrefu hivyo? Bila swali hilo kamba ni kiini macho. Wanazungumza wawili wawili, dakika mbili, mpaka tufike pamoja kwenye jibu kwamba chakula kinahitaji muda na nafasi kubwa ya kufyonzwa kuingia kwenye damu.

Dakika kumi za mwisho ni za ugali. Naomba ugali mkavu wa sembe jikoni, kila mtoto aliyenawa mikono anapata donge dogo la ncha ya kidole. Kwanza anaandika atakachotarajia. Kisha anatafuna kimyakimya huku tukihesabu hadi tisini kwa vidole, bila kumeza. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kugeuza wanga kuwa sukari, na polepole utamu kidogo unajitokeza. Lijaribu zoezi hili mwenyewe nyumbani kabla ya siku hiyo. Si kila mtoto atausikia utamu sawasawa, hasa aliyemeza mapema, na hilo nalo ni jambo zuri la kujadili. Mwishoni kila mmoja anamalizia sentensi hii daftarini: "Ugali ulianza ukiwa …, ukawa …, kwa sababu …" Sehemu ya "kwa sababu" ndiyo ninayoisoma.

Angalia kalenda. Kama ni mwezi wa Ramadhani, una watoto waliofunga. Sogeza zoezi mbele au tumia iodini kama shule inayo: ikidondoshwa kwenye chakula chenye wanga hugeuka kuwa bluu nyeusi. Ulizia pia mapema kama kuna mtoto aliyekatazwa chakula fulani.

*Kipindi cha pili: soksi.* Zamani nilileta soksi moja, nikasimama mbele, nikasukuma ndimu ndani yake kuonyesha umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unavyofanya kazi. Walioona ni wa madawati ya mbele. Siku hizi kila dawati linaleta soksi kuukuu safi iliyokatwa ncha na mpira mdogo wa karatasi. Watoto watatu wanabana nyuma ya mpira, wanaachia mbele, mpira unasonga. Kisha swali: ukining'inia kichwa chini miguu juu ukameza maji, yatafika tumboni? Wanageuza soksi na kujaribu. Yatafika, kwa sababu ni misuli inayosukuma. Kwa swali hilo mtoto anaacha kuamini kwamba chakula "kinadondoka" tumboni.

Tunamalizia kwa vitabu kufungwa na mchoro kuchorwa upya, pembeni ya ule wa kwanza, halafu wanafungua kitabu na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Mtoto anayeona michoro yake miwili imekaa bega kwa bega anajua mwenyewe amesogea wapi. Hakuna alama zangu zinazoweza kumwambia hivyo vizuri zaidi.

*Kipindi cha tatu: changanya kete.* Mbinu hii ilibuniwa mwaka 1971 na Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, katika shule za mji wa Austin, Texas. Shule hizo zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na uhasama ulikuwa mkubwa. Alimpa kila mtoto kipande kimoja cha somo, ili kikundi kisiweze kufaulu bila kumsikiliza kila mmoja. Wengi wetu tulifundishwa mbinu hii chuoni, tukaiacha tulipokutana na darasa la watoto themanini, kwa kuwa kuwahamisha watoto hao mara mbili ni vurugu ya robo saa. Namna yangu ni hii.

Madawati yangu yamekaa mistari mitano kutoka mbele kwenda nyuma, kila mstari una madawati matano au sita. Kila mstari unapewa kipande kimoja: wa kwanza mdomo, wa pili umio na tumbo, wa tatu ini na kongosho, wa nne utumbo mwembamba, wa tano utumbo mpana. Dawati moja, yaani watoto watatu, ndicho kikundi cha wabobezi. Wanasoma aya yao, wanakubaliana mambo mawili ya lazima kusemwa, wanafunga kitabu na kuelezana mpaka kila mmoja anaweza. Dakika kumi. Katika kila dawati watoto wana namba 1, 2 na 3. Sasa chukua madawati matano yaliyo safu moja kutoka kushoto kwenda kulia: namba moja wote wa safu hiyo wanakutana, namba mbili wote, namba tatu wote. Umepata vikundi vitatu vya watoto watano, na kila kikundi kina mtu wa kila kipande. Hakuna aliyetembea zaidi ya upana wa darasa. Dawati likiwa na mtoto mmoja pungufu, namba ya asiyekuwepo inabebwa na mwenzake aliye nyuma.

Katika kikundi kipya ni marufuku kushika kitabu. Kila mmoja ana dakika mbili, kwa kufuata safari ya chakula. Nikipiga makofi matatu, anayefuata anaanza. Mwishoni kila mtoto, peke yake, anajibu maswali manne kuhusu vipande ambavyo *hakusoma*. Watoto wakishajua kuwa maswali hayo yanakuja, wanasikilizana kwa namna ambayo ukali wangu haukuwahi kuileta.

Mara ya kwanza itakuwa na fujo. Ya pili itapungua. Kuanzia ya tatu, mstari wa kwanza utakuwa unajua unakwenda wapi kabla hujasema. Kwa hiyo usijaribu mbinu kumi kwa muhula. Chagua nne au tano, watoto wazizoee, ili fikra zao ziende kwenye somo badala ya kwenye maelekezo.

*Kipindi cha nne: vitendawili.* Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na zana yake tumerithi. Watoto wawili wawili wanatunga kitendawili cha kiungo kimoja. Masharti ni mawili: lazima kitaje kazi ya kiungo, na kisiweze kujibiwa kwa kiungo kingine. Sharti la pili ndilo linalowatoa jasho. Mtoto anayeandika "Napitisha chakula" anaambiwa na wenzake kwamba hiyo ni umio, ni utumbo, hata mdomo. Anarudi kufikiri: ni nini hasa kinachoutofautisha umio na vingine? Hapo anafanya uchambuzi bila kujua kuwa unaitwa hivyo.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jina langu jembamba, lakini kwa urefu nawashinda wote."

"Sina meno nasaga, sina ndimu nachachua."

Darasa lisipojua, linatoa mji, na mtegaji anaeleza jibu lake. Lakini kabla ya kulipokea, nauliza: "Nani ana jibu jingine linaloingia?" Mabishano yanayofuata ndiyo somo. Nyumbani kwetu kitendawili kilikuwa cha jioni baada ya chakula. Mtoto anayeijua sauti ya "Tega!" hahitaji kufundishwa namna ya kushiriki, hata yule asiyenyoosha mkono mwaka mzima.

Robo ya mwisho ya kipindi ni ya kutumia maarifa mahali papya. Kwa nini mtu anayeharisha hupewa maji yenye sukari na chumvi? Kwa nini bibi asiye na meno hupata shida ya tumbo akila mahindi ya kuchoma? Maji unayokunywa yanatoka vipi tumboni hadi kwenye mkojo, kama hakuna bomba la pili? Hapa lile kosa la mabomba mawili linazikwa: maji hufyonzwa utumboni, huingia kwenye damu, na figo ndizo zinazoyachuja.

Hatua ya nne: panga siku za kurudi

Hata baada ya vipindi vinne vizuri namna hiyo watoto watasahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, ya kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Aliona kwamba ndani ya saa moja tayari amepoteza zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya, kisha kasi ya kusahau inapungua kadiri siku zinavyopita. Somo lenye maana halipotei haraka kama silabi zake, lakini mwelekeo ni uleule.

Jambo lililobadilisha ufundishaji wangu zaidi ni jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma makala fupi. Baadhi waliisoma tena mara ya pili. Wengine badala ya kusoma tena waliandika walichokumbuka bila kuiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya makala, waliorudia kusoma asilimia 42. Kujitahidi kukumbuka ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Na angalia hatari iliyomo: kurudia kusoma kunampa mtoto hisia kwamba anajua, siku hiyohiyo, na ndiyo maana "Ndiyooo, mwalimu" hutoka kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa hiyo kila kipindi changu cha Sayansi, mada yoyote, kinaanza kwa maswali matano, vitabu vimefungwa, majibu ya neno moja hadi sentensi moja: mawili ya kipindi kilichopita, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita au zaidi. Huchukua dakika sita au saba. Wanajisahihisha wenyewe, na alama haziingii popote. Hilo la mwisho nalisisitiza, maana maswali haya yakigeuka mtihani watoto wataanza kuchungulia kwa jirani, na anayechungulia hakumbuki kitu.

Kwenye azimio la kazi naweka alama ndogo ya duara pembezoni, siku ambayo mada itarudi: kipindi kinachofuata, baada ya wiki, baada ya wiki tatu, na baada ya likizo. Bila duara hizo nasahau mimi mwenyewe, licha ya watoto. Mara ya mwisho napenda irudi kwa sura tofauti: lile swali la Asha na dagaa, au mchoro wa tatu pembeni ya ile miwili.

Hatua ya tano: maswali yako na ukimya wako

Shughuli nzuri inaweza kuuawa na swali lililoulizwa vibaya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akakuta kwa wastani ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi na watoto wengi zaidi wakajitolea kujibu. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu ajabu. Mimi huhesabu vidole nyuma ya mgongo.

Kuna pia mbinu ya "fikiri, jozi, shirikisha", aliyoieleza Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981: fikiri peke yako, zungumza na jirani, ndipo uwashirikishe wote. Wengi wetu huruka ile "fikiri" kwa haraka ya kwenda kwenye jozi. Matokeo yake mtoto mwepesi anasema, mzito anaitikia kwa kichwa. Mimi hudai kwanza neno moja lililoandikwa na kila mmoja. Ndipo midomo ifunguke.

Uliza kwanza, taja jina baadaye. Ukisema "Neema, ini linafanya kazi gani?" watoto wote isipokuwa Neema wamekwisha kupumua. Na mtoto akikosea mbele ya wenzake, kicheko kisipite bila kukemewa. Darasa ambalo mtu huchekwa, shughuli zako zote zitafanywa na watoto wale kumi wasioogopa.

Hatua ya sita: andalio la somo

Hapa si lazima kuandika mengi. Hatua za andalio unazijua, kuanzia utangulizi. Maswali matano ya kukumbuka yakae kwenye utangulizi. Kwenye safu ya vitendo vya mwanafunzi acha kuandika "kusikiliza" na "kushiriki majadiliano". Andika kitendo kinachoonekana, mfano "kila mwanafunzi anachora njia ya chakula bila kitabu". Mthibiti ubora akija ataelewa, na wewe utajua la kuangalia unapozunguka. Weka muda kwa kila shughuli, kisha acha dakika tano bila kitu, kwa kuwa kugawa ugali kwa watoto themanini hakujawahi kuisha kwa muda niliouandika.

Zana zitoke karibu: vizibo vya soda, maboksi ya dukani, kamba ya katani, soksi. Karatasi ya manila nimeirudisha pia, ila sasa inabandikwa tupu, na kila kikundi kinaandika juu yake mambo kinayoyakumbuka huku vitabu viko chini ya dawati.

Hatua ya saba: jioni yake

Chukua madaftari kumi tu, ya watoto ambao hujawasikia siku hiyo. Soma ile sentensi ya "kwa sababu". Kama wengi wameandika "kwa sababu ya mate" wakaishia hapo, hawajafika bado, na swali la kwanza la kesho limepatikana: mate yanaufanyia *nini* ugali? Andika kwenye andalio, penseli inatosha, shughuli ipi ilivuta muda na ipi haikuonyesha kitu. Mimi nilifuta igizo la watoto waliojipanga wakijifanya viungo, japo lilikuwa linapendwa, kwa sababu miaka miwili mfululizo waliolitazama walikumbuka nani aliigiza utumbo mpana na si kazi yake.

Vitendawili usivitupe. Vyetu vinaandikwa kwenye daftari kubwa la kaunta linalokaa kabatini, kila kimoja na majina ya watungaji na mwaka. Darasa linalofuata huanza mada kwa kutegwa na kaka na dada zao wa mwaka jana, wakishindwa wanatoa mji, na kufikia kipindi cha nne wanakuwa tayari na kisasi chao.